Kura ya Jumatano

Kutoka Muheza nilipanda basi hadi Tunduma, na Tunduma nilikaa muda mrefu kuliko nilivyopanga, nikivusha magunia ya mchele ya watu wengine kwenda upande wa Zambia mpaka nikapata nauli ya kuendelea. Lusaka niliosha magari. Harare nilishikwa na malaria, nikalala kwenye nyumba ya mama mmoja muuza mboga ambaye aliniuguza bila kunifahamu, na nilipopona akaniondoa bila ubaya wowote kwa sababu godoro lilihitajika. Mto Limpopo niliuvuka ndani ya lori la machungwa. Dereva alinishusha Rosettenville, mtaa wa kusini mwa Johannesburg, asubuhi yenye baridi nisiyoijua, baridi kavu inayochoma pua, akaniambia mji ndio huu, akaenda zake. Nilikuwa nimevuka miaka thelathini, nina cheti cha kidato cha nne na Kiingereza cha shule.

Nasema cha shule, lakini kwetu Kiingereza kilianza kabla ya shule. Babu yangu alilelewa na mapadri wa Kiingereza, akafukiza ubani wao na kuimba sala zao za jioni kwa Kiswahili juu ya nyimbo zao. Baba hakuwa mtu wa dini sana, lakini jioni aliitoa redio barazani kusikiliza London, na mtoto aliyekohoa aliangaliwa kwa jicho. Habari ya hapa nchini hakuiamini mpaka London nayo iseme. Aliamini kwamba kuna mahali duniani ambapo watu hukaa mezani, wakabishana mpaka mwisho, kisha wakarudi nyumbani bila kuwa maadui. Wenzangu walirithi shamba. Mimi nilirithi imani hiyo, na nadhani ndiyo iliyonitembeza, kwa sababu kila mji niliofika niliitafuta meza ile na sikuiona.

Johannesburg meza hiyo niliiona, au niliona mabaki yake.

Nilikuwa nimehamia Troyeville, chumba kimoja juu ya duka la Mreno wa Madeira. Jumapili moja nikitembea bila kazi nilisikia wimbo mmoja wa zile za babu ukitoka kwenye kanisa la matofali mekundu. Nikaingia. Walikuwepo wazee wachache wa kizungu, wamekaa mbalimbali kama watu wanaomsubiri daktari, na akina mama wawili watatu wa Kizulu waliovaa sare za umoja wao. Kinanda kilikuwa kimeharibika nusu, kwa hiyo kila ubeti ulikuwa na mashimo. Baada ya ibada mzee mmoja mrefu, mwenye sweta lililotoboka kiwiko, alinishika mkono akaniuliza natoka wapi. Nilipomwambia, alitaja mito ya kwetu kwa majina yake. Kisha akasema, "Njoo Jumatano saa kumi na moja. Tunabishana."

Alikuwa profesa wa historia, mstaafu, mzaliwa wa kaskazini ya Uingereza, aliyekuja nchi hii kijana na kuzeekea hapa. Siku za ubaguzi, hizo Jumatano zake zilijaza ukumbi wa kanisa hadi madirishani. Weusi na weupe walikaa benchi moja, jambo ambalo lilikuwa kosa, na polisi walikaa nyuma wakiandika. Wasomi walitoka vyuoni kuja kusema pale yale yasiyosemeka kwingine, na magazeti ya Kiingereza yaliyachapa kesho yake. Nilipofika mimi hakukuwa na polisi wala mwandishi. Kulikuwa na birika la chai, biskuti kavu, na watu wa kutosha kujaza teksi moja ya huko, ambayo sisi tunaiita daladala.

Lakini desturi ilikuwa imebaki, na hiyo ndiyo iliyonishika. Kabla ya kumjibu mtu, ulipaswa kuyasema upya maneno yake, kwa uzuri kuliko alivyoyasema yeye, mpaka mwenyewe akubali kwamba ndivyo. Hapo ndipo uliruhusiwa kumpinga. Mara yangu ya kwanza nilisema neno kuhusu vijiji vya ujamaa na namna bibi yangu alivyohamishwa. Bibi mmoja wa kizungu aliyetaka kunipinga alianza kwa kuyarudisha maneno yangu, na yaliporudi yalikuwa yameoga na kuvaa. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyeshonewa suti. Mwishoni walipiga kura kwa kunyoosha mikono, kila aliyekuwemo ukumbini, hata aliyeingia kukimbia mvua. Kura haikuamua chochote. Waliihesabu, wakacheka, wakaosha vikombe.

Sikukosa Jumatano tena kwa miaka mingi. Kazi yangu ilikuwa Fordsburg, nikikata vitambaa dukani kwa Mhindi mmoja, na bwana tuliyefanya naye kazi, Mwislamu wa Tanga mjini, aliniita Askofu.

"Askofu, leo mmeamua nini? Dunia inaisha au haiishi?"

"Tumeahirisha."

"Waingereza hao. Hata kifo wanakiundia kamati."

Sikumkasirikia. Nilijua kwamba tunaisha. Profesa mwenyewe alijua. Kila Jumapili dada yake alimpigia simu kutoka kwao, na Jumatano alitupa habari kabla ya mada. Kanisa alilobatiziwa limeuzwa, sasa linauza mazulia. Idara aliyosomea imefungwa. Gazeti alilolisoma baba yake limekufa, na watu wa mtaa wake wameanza kupigia kura wanaopiga kelele kuliko wote. Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya treni. Huku kwetu ilikuwa vilevile. Chuo chake kilimwondolea ofisi. Kila mwaka tulizika mmoja au wawili kati ya wale wa biskuti, na hakuna aliyeingia mahali pao isipokuwa mimi.

Sasa nimtaje fundi cherehani. Alikuwa mama wa Bukavu, anashonea chumbani kwake Bertrams, na bitana alinunua kwetu. Alipenda kunichokoza.

"Nyie Watanzania munaongea kama redio. Mutu anaomba mita mbili tu, unamupa hotuba."

"Mita mbili za nini, dada yangu?"

"Unaona? Redio."

Siku moja hakunichokoza. Binti yake wa miaka tisa alikuwa amerudishwa kutoka shuleni kwa sababu hana karatasi za uhamiaji, na shule ya pili ikamrudisha, na ya tatu mlinzi hakufungua hata geti. "Mutoto anashinda mu chumba," aliniambia, akitazama mkasi wangu. "Anahesabu magari."

Nilimweleza padri wetu. Alikuwa mwanamke wa Soweto, kijana kuliko mimi, anatembea haraka, na Jumatano zetu hakuzipenda. Alisema tunaosha vyombo ambavyo hatujavilia. Lakini wiki ileile aliufungua ukumbi asubuhi. Wale mabibi wa kizungu, ambao wengi walikuwa walimu wastaafu, walianza kusomesha. Akaja binti wa fundi, wakaja wengine wa Kikongo, wa Burundi, wa Malawi, wote wale waliorudishwa magetini. Watoto wenyewe ndio waliotaka sare. Kwaya ilikuwa imekufa zamani, na majoho yake ya bluu yalikuwa yanaliwa na nondo kabatini, basi fundi akayakata akayafanya magauni na mashati. Ukipita asubuhi ungeona kwaya nzima ya watu wafupi inaruka kamba.

Yule binti alijua kusoma kabla ya muhula kwisha. Mama yake alimleta dukani, akamsimamisha mbele ya marobota ya vitambaa akamwambia asome maandishi. Alisoma yote, mpaka onyo la kutopiga pasi. Mwenzangu wa Tanga alimpa shanga za bure. Fundi alisema, "Hii moja itakuwa docteur. Kama banamuacha."

Kama wanamwacha. Haukupita mwaka ikaundwa kamati ya wakazi, kama zilivyoundwa katika mitaa mingi siku hizo. Walisimama kwenye mlango wa zahanati wakiuliza watu vitambulisho. Kisha wakaja kanisani. Walitaka ukumbi usisomeshe watoto wa wageni. Baraza la kanisa lilikuwa watu wanne waliochoka, na Profesa alikuwa mmoja wao. Yeye ndiye aliyesema jambo hilo liletwe Jumatano, lijadiliwe kwa desturi yetu, lipigiwe kura, na baraza lifuate kura hiyo. Wenzake walikubali haraka, kama mtu anayepokelewa mzigo.

Padri alimkuta baada ya ibada, mimi nikikusanya vitabu vya nyimbo.

"Prof, hawa hawaji kusikiliza."

"Unasema hivyo kabla hawajafika."

"Nimewaona zahanati. Wamemrudisha mama mwenye mimba."

"Basi ndiyo sababu ya kuwapa kiti. Wakati wa ubaguzi tuliwapa kiti hata polisi."

"Polisi hawakupiga kura, Prof. Na shule ya watoto si mada."

"Kila kitu ni mada, binti yangu."

"Mimi si binti yako. Mimi ni padri wako."

Alicheka kwa upole na kuomba radhi, na hakubadili kitu. Nami, niseme ukweli, nilikuwa upande wake. Nilimwambia fundi asiogope, mzee yule hajawahi kushindwa kwa hoja. Aliniuliza kama hoja ndiyo itakayopiga kura.

Jumatano hiyo ukumbi ulijaa hadi madirishani. Kwa muda mfupi nilimwona Profesa amenyooka mgongo, rangi imemrudia usoni, na nikaelewa kwamba macho yake yanaona mwaka mwingine. Akina mama wa Kikongo walikaa nyuma wamevaa vitenge vyao vya sikukuu, nami katikati yao nikiwafasiria kwa sauti ya chini.

Msemaji wa kamati alikuwa mtu wa makamo aliyevaa koti la kazi la kiwanda kilichofungwa. Hakupiga kelele. Alisema binti yake anasoma darasa ambalo watoto wawili wanakaa kiti kimoja. Alisema hapa kuna ukumbi, walimu wa bure, na chai, na hakuna mtu aliyewahi kugonga mlango wake kumwambia, baba, mlete na wako.

"Mlete kesho," padri alisema kutoka alipokaa. "Kiti kipo."

"Sasa ndiyo kipo," alijibu, na watu wake wakacheka. Kisha akamgeukia Profesa. "Eish, nimechoka kuwa mgeni kwetu. Basi."

Profesa alisimama kuyarudisha maneno yake, kama desturi inavyotaka. Nimewahi kumsikia akisema vizuri, lakini si kama siku ile. Alisema kwamba bibi wa mtu huyu alikuwa akisali kwenye benchi la nyuma la kanisa hilihili, kwa sababu mabenchi ya mbele yalikuwa na wenyewe. Alisema ukumbi ulijengwa kwa mikono ambayo haikuruhusiwa kulala mjini. Alisema watu wa aina yake, Waingereza wenye nia njema, siku zote wamekuwa wakarimu kwa mali ya wengine. Waliwaambia weusi wasubiri, na walipomaliza kusubiri wakawaambia wasogee kidogo, amekuja mwingine mwenye shida zaidi. "Ni nani aliyewahi kutuuliza sisi?" alisema, akiwa ndani ya maneno ya mwenzake. Mwanamume mmoja wa kamati alivua kofia.

Nilikuwa nafasiri. Fundi aliweka mkono juu ya goti langu. "Acha," alisema. Nilimnong'oneza kwamba bado, hii ni desturi tu, jibu linakuja. Aliendelea kumtazama mzee. Kwao, na hata kwetu Muheza, mtu hasemi maneno ya mwenzake kwa uzuri namna ile kama hasimami naye.

"Ndivyo?" Profesa aliuliza.

"Ndivyo," alisema mtu wa koti. "Sikuweza kuyasema hivyo."

Kisha likaja jibu. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alisema watoto hawachagui mpaka wa kuzaliwa. Alisema Maandiko yanamtaja mgeni mara nyingi. Yote ni kweli, na aliyasema kama mtu anayesoma tangazo la maji kukatika. Katikati ya sentensi alisimama. Nilimwona akitafuta, na nilijua anachokitafuta, kwa sababu nilikuwa nakitafuta pia. Maneno aliyoyasema kwa niaba ya mwenzake yalikuwa yamemwingia. "Nakiri," alisema, "kwamba sina jibu la kutosha kwa jioni hii." Akaketi.

Padri alisimama, akasema watoto ni arobaini na kesho asubuhi watakuja mlangoni, nani atawaambia. Mtu mmoja akapaza sauti kwamba hajafuata desturi, aseme kwanza maneno ya wenzake. Wakacheka tena, na safari hii hata mabibi wa kizungu walitikisa kichwa, kwa sababu ni kweli hakuifuata.

Ikaja kura. Watu wa kamati walinyoosha mikono yote. Halafu nikaona mkono wa bibi mmoja aliyesomesha hesabu, unapanda polepole. Na wa mwingine, aliyesomesha kuandika. Machozi yalikuwa yanamtoka na mkono uko juu. Walikuwa wamesubiri maisha yao yote kupewa nafasi ya kutubu kwa ajili ya yale mabenchi, na nafasi ilipokuja iliwataka wawatoe watoto wa watu wengine. Sidhani waliliona hivyo. Walidhani wanarudisha kitu.

Walipoitwa wa upande wetu, niliwaambia akina mama wanyooshe mikono, kila aliyemo ana kura. Fundi alinyoosha. Mimi nilinyoosha. Wengine walitazama mapajani. Mtu wa kamati alikuwa amegeuka anaangalia nyuma, taratibu, sura moja baada ya nyingine, na walikuwa wanakaa mitaa ileile anayokaa yeye.

Kulikuwa na njia ya kuibatilisha. Padri alisema kura ya watu wasio waumini haiwezi kulilazimisha kanisa, na wawili katika baraza walikuwa tayari kumfuata. Profesa ndiye aliyekataa. "Kama tunaiheshimu kura tunaposhinda tu," alimwambia, "basi miaka yote hii tulikuwa tunafanya nini?" Padri alisema hajui walichokuwa wanafanya, na angependa kujua. Shule ilifungwa.

Ukumbi walipewa kamati kwa ajili ya vijana wa mtaa. Walikutana mara mbili. Baadaye waligombana wenyewe kwa wenyewe, wakaweka kufuli, na mpaka naondoka haukufunguliwa kwa ajili ya mtoto yeyote, wa huku wala wa kwingine. Yule mtu wa koti nilimwona mara moja kwenye robot, yaani taa za magari, ya barabara kuu, anauza chaja za simu. Tulisalimiana. Binti yake bado alikuwa kwenye darasa la kiti kimoja.

Profesa aliendelea kuja Jumatano, anakaa sakristia, chumba cha kuvalia majoho, kwa kuwa ukumbi hakuwa nao. Tulikuwa wawili, kisha nikawa na mimi nachelewa, kisha mimi pia nikaacha. Sikumchukia. Nilikuwa sina cha kumwambia. Mara ya mwisho alinishika mkono akauliza kama fundi ameelewa kwamba yale hayakuwa maneno yake. Nilimwambia nitamweleza. Nilikuwa nimeshamweleza mara nyingi, na kila mara alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Alisema na kinywa chake, ndugu. Mimi nilimuona. Kwa ile ya bale bengine alikuwa na moto. Kwa yetu alikuwa baridi." Padri alihamishiwa parokia ya mbali. Ndugu za Profesa wakampeleka kwenye nyumba ya wazee upande wa kaskazini, mahali pa maua na walinzi, na sikwenda.

Baada ya hapo mji ulinitoka mikononi. Mhindi wetu aliogopa ukaguzi, akatuachisha kazi sisi tusio na karatasi kamili, mmoja mmoja, kwa adabu. Mwenzangu wa Tanga alikwenda Durban. Nilikuwa nimevuka arobaini na sikuwa na mji mwingine wa kuujaribu. Mahali nilipokuwa napatafuta tangu kwa baba nilikuwa nimepaona, na nilikuwepo pakifa, na hapakuuawa na mtu wa nje.

Siku niliyoondoka nilipitia Rosettenville kumuaga fundi, ambaye alikuwa amehamia huko kukwepa mtaa uliomtazama. Cherehani ilikuwa dirishani. Binti alikaa chini kando ya miguu ya mama yake, miaka kumi na mbili sasa, anashona vifungo kwenye mashati ya walinzi. Alinisalimia kwa Kizulu, akajisahihisha, akanisalimia kwa Kiswahili. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Alikuwa ameshakuwa fundi mzuri.

"Basi redio inazima," mama alisema nilipomwambia kwamba narudi.

"Imekwisha betri, dada yangu."

Alitabasamu kidogo. Nilimuuliza kuhusu shule. Alisema kuna moja ya mwanamke wa Kirundi, nyumbani kwake, lakini nafasi zimejaa, na nyingine iko mbali na njia si salama. Alizungumza huku anapitisha uzi kwenye sindano, hakuniangalia.

"Mwaka wa kwanza alikuwa anauliza kila asubuhi," alisema. "Lini itafunguka. Kila asubuhi. Mwaka wa pili, mara moja moja."

"Na sasa?"

"Sasa haulizi."

Binti alikata uzi kwa meno, akachukua shati jingine kwenye lundo. Nilisimama. Basi langu la kwenda Harare lilikuwa linaondoka mchana, na stesheni ilikuwa mbali. Fundi alinipa mkono wake wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa umeshika nguo, akaniambia nisalimie watu wa kwetu hata kama hawamjui. Nilipofika mlangoni cherehani ilikuwa imeshaanza.